Senti moja kwa kila mkungu: Jamaika na safari ndefu ya kumwinua mwananchi

Mwaka 1937 makampuni ya Marekani yaliyokuwa yakinunua ndizi nchini Jamaika yalikubali kutoa senti moja kwa kila mkungu unaopakiwa melini, ili fedha hizo zitumike kuinua hali ya maisha ya watu wa vijijini. Kutokana na hesabu hiyo ndogo lilizaliwa shirika lililoitwa Jamaica Welfare, mojawapo ya mashirika ya mwanzo ya maendeleo ya jamii katika visiwa vya Karibiki, na kazi lililoianzisha inaendelea hadi leo kwa jina jingine.

Tangu wakati huo Jamaika imepata uhuru, imejaribu siasa ya ujamaa, imezama katika madeni na kuibuka, na mwishoni mwa mwaka 2025 ilipigwa na kimbunga kikali kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa kutua katika ardhi yake. Katika kila kipindi swali limekuwa lile lile: je, maendeleo ni kitu cha kupelekewa wananchi, au ni kitu cha kujengwa pamoja nao?

Uhuru usiokuwa na ardhi

Ili kuelewa uzito wa senti ile, sharti kurejea nyuma karne moja. Utumwa ulifutwa katika makoloni ya Uingereza tarehe mosi Agosti mwaka 1834, lakini watumwa wa Jamaika walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana zao hadi mwaka 1838. Walipoachwa huru hawakupewa ardhi wala fidia. Fidia walilipwa waliokuwa wakiwamiliki.

Ardhi nzuri ya tambarare ilibaki mikononi mwa wenye mashamba ya miwa. Watu huru wakapanda milimani. Wahubiri wa Kibaptisti waliwasaidia kununua vipande vya ardhi na kuanzisha makazi yaliyojulikana kama vijiji huru, cha kwanza kikiwa Sligoville kilichoanzishwa mwaka 1835. Huko walilima viazi vikuu, mihogo na mboga, wakajenga makanisa na shule zao wenyewe.

Hata hivyo sauti yao katika utawala ilikuwa ndogo mno. Mnamo mwezi wa Oktoba mwaka 1865, Paul Bogle, shemasi wa kanisa la Kibaptisti, aliwaongoza wanavijiji hadi kwenye mahakama ya mji wa Morant Bay kudai haki na ardhi. Ghasia zikazuka, na gavana Edward Eyre akajibu kwa jeshi. Watu zaidi ya 400 waliuawa, mamia wakachapwa viboko, na Bogle akanyongwa. Mwaka uliofuata kisiwa kikawekwa moja kwa moja chini ya mamlaka ya London.

Zao la mnyonge

Zao lililobadilisha hali ya wanavijiji hao lilikuwa ndizi. Kuanzia mwaka 1870 mabaharia wa Marekani walianza kuzibeba kutoka bandari za Jamaika kwenda kuziuza katika miji ya Marekani. Wenye mashamba ya miwa waliidharau biashara hiyo mwanzoni, kwani ndizi zilikuwa zao la mkulima mdogo wa mlimani. Kufikia miaka ya 1930 Jamaika ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ndizi duniani, ikisafirisha zaidi ya mikungu milioni 20 kwa mwaka.

Lakini bei haikupangwa na mkulima. Iliamuliwa na makampuni yenye meli, hasa United Fruit ya Marekani. Mwaka 1929 wakulima waliunda ushirika wao ili kujitafutia soko na meli, na mvutano kati yao na United Fruit ukawa mkali. Wakili aliyewatetea wakulima alikuwa Norman Manley, Mjamaika aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Oxford na aliyekuwa na sifa kubwa mahakamani.

Upande wa pili alikuwa Sam Zemurray, mhamiaji kutoka himaya ya Urusi aliyeanza maisha nchini Marekani kwa kuuza ndizi zilizokaribia kuoza, na ambaye hatimaye alikuja kuiongoza United Fruit. Katika mazungumzo ya watu hao wawili ndipo lilipopatikana wazo la kutenga senti moja kwa kila mkungu. Fedha hizo hazikuingia katika hazina ya serikali ya kikoloni. Ziliwekwa chini ya shirika linalojitegemea, Jamaica Welfare, na Manley akawa mwenyekiti wake.

Shirika hilo lilikuwa bado changa pale Jamaika ilipolipuka. Mwezi wa Mei mwaka 1938 wafanyakazi waliokwenda kutafuta ajira katika kiwanda kipya cha sukari cha Frome, magharibi mwa kisiwa, walipambana na polisi na baadhi yao wakauawa. Migomo ikaenea hadi bandarini Kingston. Alexander Bustamante, kiongozi wa wafanyakazi, akatiwa mbaroni, na Manley, ambaye ni binamu yake, akaingia kati kusuluhisha. Kutoka katika misukosuko hiyo vilizaliwa vyama vya wafanyakazi na vyama viwili vya siasa vinavyotawala kwa zamu hadi leo. Haki ya kupiga kura kwa watu wazima wote ilipatikana mwaka 1944, na uhuru kamili mwaka 1962.

Kutoka majengo hadi watu

Kazi ya mwanzo ya Jamaica Welfare ilikuwa kujenga. Kumbi kubwa za jamii zilisimamishwa katika vijiji vya Guys Hill na Porus, zikiwa na nafasi za mikutano na burudani. Haukupita muda mrefu kabla ya viongozi wa shirika kutambua udhaifu wa njia hiyo. Majengo yalikuwa ghali, yalihudumia sehemu chache tu, na wanavijiji waliyaona kuwa ni mali ya shirika na si yao.

Hivyo shirika likabadili mwendo. Chini ya usimamizi wa Thom Girvan, mmoja wa watumishi wake wakuu, maafisa walitumwa vijijini kwenda kuishi na watu na kuwasikiliza kabla ya kushauri lolote. Vikundi vidogo vya majirani vilikutana jioni kujadili shida zao: maji, uzazi wa mifugo, watoto wasiopata lishe, bei ya mazao. Kila kikundi kilichagua kazi moja na kuifanya kwa nguvu zake, na shirika likaleta mtaalamu au mkopo pale tu palipohitajika.

Kutokana na vikundi hivyo zilikua klabu za vijana, vyama vya kuweka akiba, ushirika wa kununua mbegu na majaribio ya kulima kwa pamoja, kama shamba la ushirika la Lucky Hill. Wanawake walifundishana kushona, kusuka ukindu na kuhifadhi vyakula. Magari yenye mitambo ya sinema yalizunguka milimani, na watu waliokuwa hawajawahi kuona picha ikitembea walikusanyika usiku kutazama filamu kuhusu afya na kilimo.

Mafunzo hayo hayakuja kwa lugha ya dharau. Louise Bennett, mshairi aliyepata umaarufu kwa kuandika katika lugha ya mitaani ya Wajamaika wakati ambapo wasomi waliiona kuwa ni Kiingereza kilichoharibika, alifanya kazi na taasisi hiyo katika miaka ya 1950. Alisafiri vijijini akiendesha michezo ya kuigiza na kukusanya hadithi na nyimbo za wazee. Kwake yeye, mtu anayeambiwa kila siku kwamba lugha yake haifai hawezi kuaminishwa kwamba fikra zake zinafaa.

Udhaifu wa senti ya ndizi ulijitokeza upesi. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka meli zikawa haba, na ugonjwa wa migomba ukaangamiza mashamba. Mapato yakaporomoka, na serikali ikalazimika kuingia. Mwaka 1949 shirika likageuzwa kuwa tume ya serikali, na mwaka 1965 likapewa jina linalotumika hadi sasa, Tume ya Maendeleo ya Jamii. Fedha za serikali ziliiwezesha kufika kila pembe ya kisiwa. Lakini zilileta pia jambo ambalo waanzilishi hawakulitaka: kazi ya kijiji ikaanza kupimwa kwa rangi ya chama kilichoko madarakani.

Upatu wa Wajamaika

Sambamba na juhudi za mashirika, Wajamaika wana utaratibu wao wa kale wa kuinuana, ambao msikilizaji wa Kiswahili ataufahamu mara moja. Wao huuita "partner". Watu wanaoaminiana huchanga kiasi sawa kila wiki, na kila mmoja kwa zamu yake huondoka na mchango wote. Mtunza fedha huitwa "banker", na mara nyingi ni mwanamke mwenye heshima mtaani. Ni upatu wa Tanzania, mchezo au chama cha akina mama wa Kenya, na likelemba ya Kongo.

Utaratibu huo ulivuka bahari pamoja na wahamiaji. Meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Uingereza mwezi wa Juni mwaka 1948 ikiwa na mamia ya abiria kutoka Karibiki, wengi wao kutoka Jamaika, wageni hao waligundua kwamba mabenki hayakuwa tayari kuwakopesha na wenye nyumba wengi hawakutaka kuwapangisha. Walichanga upatu. Familia nyingi za Kijamaika mjini London na Birmingham zilipata malipo ya kwanza ya nyumba zao kwa njia hiyo.

Nyumbani nako, chama cha kwanza cha akiba na mikopo kilianzishwa mjini Kingston mwaka 1941 kwa msaada wa kasisi Mjesuti, na vyama vya namna hiyo vikaenea kwa walimu, polisi na wakulima. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa Wajamaika wengi kibaba hicho ndicho kilicholipa ada ya shule ya mtoto wa kwanza wa ukoo kufika sekondari.

Manley mwana na Mwalimu Nyerere

Mwaka 1972 Michael Manley, mwana wa Norman, alichaguliwa kuwa waziri mkuu. Serikali yake ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika, ikaweka kima cha chini cha mshahara, ikaondoa ubaguzi wa kisheria dhidi ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na mwaka 1976 ikaunda Mfuko wa Taifa wa Nyumba, ambao mfanyakazi na mwajiri wote huuchangia. Mwaka 1974 iliyatoza makampuni ya kigeni kodi mpya juu ya boksiti, madini yanayotengenezea aluminiamu. Alilolifanya baba kwa ndizi, mwana alilirudia kwa madini.

Manley alivutiwa sana na Mwalimu Julius Nyerere na siasa ya Ujamaa, na Nyerere alipokelewa kwa heshima kubwa alipoizuru Jamaika mwaka 1974. Nchi hizo mbili zilikutana pia katika machungu. Bei ya mafuta ilipanda, fedha za kigeni zikaadimika, na zote zikajikuta zikivutana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Mwaka 1980 mkutano kuhusu mfumo wa fedha duniani ulifanyika mjini Arusha, ukichochewa kwa sehemu kubwa na yaliyozipata Tanzania na Jamaika. Baadaye Manley alikuwa mjumbe wa Tume ya Nchi za Kusini iliyoongozwa na Nyerere.

Ndani ya Jamaika, hata hivyo, umoja ulikuwa umevunjika. Mitaa ya Kingston iligawanyika kwa vyama, na nyumba na ajira za serikali ziligawiwa kwa wafuasi. Katika mwaka wa uchaguzi wa 1980 mamia ya watu waliuawa. Manley alishindwa na Edward Seaga, aliyefuata sera za soko huria na kuanzisha mwaka 1982 taasisi ya mafunzo ya ufundi kwa vijana, HEART, ambayo serikali zote zilizofuata zimeiendeleza. Magenge yaliyopewa silaha katika siasa za wakati huo hayakutoweka. Yaligeukia dawa za kulevya na unyang'anyi, na kwa miongo mingi Jamaika ikawa miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa vya mauaji duniani.

Deni na kamati ya macho mengi

Katika miaka ya 1990 mabenki ya Jamaika yalianguka na serikali ikabeba mzigo wao. Kufikia mwaka 2013 deni la taifa lilikuwa limezidi asilimia 140 ya pato la nchi. Riba pekee ilimeza fedha ambazo zingejenga shule na zahanati. Wengi waliitazama Jamaika kama nchi iliyoshindwa kabisa.

Kilichofuata kiliwashangaza wachumi wengi. Katika makubaliano mapya na IMF, serikali ya Portia Simpson Miller iliahidi kubakiza, kabla ya kulipa riba, asilimia 7.5 ya pato la taifa kila mwaka. Ni kiwango ambacho ni nchi chache zimewahi kukihimili. Tofauti na miaka ya 1970, safari hii mzigo uligawanywa mbele ya macho ya watu. Mabenki na wawekezaji wa ndani walikubali riba ndogo na muda mrefu zaidi wa kulipwa. Vyama vya wafanyakazi vilikubali mishahara ya watumishi wa serikali izuiwe. Na iliundwa kamati ya usimamizi iliyojumuisha serikali, wafanyabiashara, wafanyakazi na asasi za kiraia, ambayo ilikagua hesabu na kuutangazia umma kama ahadi zimetimizwa au la.

Mwaka 2016 chama kilichokuwa upinzani kilishinda chini ya Andrew Holness, na mpango haukutupwa. Deni lilishuka mwaka baada ya mwaka, likapanda kwa muda wakati wa ugonjwa wa Covid-19, kisha likateremka tena hadi chini ya asilimia 75 ya pato la taifa mwaka 2024. Idadi ya wasio na ajira ilishuka hadi chini ya asilimia 4 mwishoni mwa mwaka huo, na umaskini ulipimwa kuwa asilimia 8.2 mwaka 2023. Mauaji nayo yalipungua kwa takriban moja ya tano mwaka 2024.

Takwimu hizo zina upande wa pili. Uchumi umekua kwa mwendo wa kinyonga kwa miongo mitatu. Kazi nyingi zilizopatikana ni za mishahara midogo, hasa katika hoteli za kitalii na vituo vya kupokea simu za wateja wa nje. Walimu na wauguzi wanaendelea kuhamia Marekani, Kanada na Uingereza. Fedha zinazotumwa nyumbani na Wajamaika walioko ughaibuni huzidi dola bilioni 3 kwa mwaka, na bila fedha hizo familia nyingi zisingemudu gharama za maisha.

Baada ya Melissa

Tarehe 28 Oktoba mwaka 2025 kimbunga Melissa kiliikumba pwani ya kusini magharibi kwa upepo wa takriban kilomita 295 kwa saa. Makumi ya watu walipoteza maisha. Mji wa Black River uliharibiwa vibaya, na mashamba ya wilaya ya St Elizabeth, inayolisha sehemu kubwa ya kisiwa, yalifagiliwa. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika zilikadiria hasara ya moja kwa moja kuwa dola bilioni 8.8, yaani zaidi ya asilimia 40 ya pato la taifa la mwaka 2024.

Nidhamu ya miaka iliyotangulia ilionekana hapo. Serikali ilikuwa imenunua mapema bima maalumu ya majanga, nayo ililipa dola milioni 150. Kwa kuwa deni lilikuwa limepungua, nchi iliweza kutafuta mikopo ya ujenzi bila kupiga magoti kama mwaka 2013. Hata hivyo bima na mikopo hiyo ni sehemu ndogo tu ya kinachohitajika.

Lililobaki ni swali la Guys Hill na Porus. Fedha za ujenzi zinaweza kusimamisha majengo ambayo wanavijiji watayatazama kama mali ya wengine, au zinaweza kupitia katika kamati za vijiji ambazo Tume ya Maendeleo ya Jamii bado inazilea katika jamii mbalimbali za kisiwa. Mkulima wa St Elizabeth anajua ni mtaro upi huziba mvua inaponyesha, na ni mwanamke gani mtaani anayeaminiwa kutunza fedha za upatu. Mtaalamu kutoka Kingston au Washington hajui.

Katika miaka hiyo karibu tisini Jamaika imesogea mbele kila mara wenye nguvu walipokubali kuchangia na wananchi wa kawaida wakapewa nafasi ya kusimamia. Kimoja kati ya hayo mawili kilipokosekana, ama fedha zilikauka, ama ziligeuka chambo cha siasa. Waliookoka Melissa sasa wanasubiri kuona ni njia ipi itakayochaguliwa.